Sura ya Tano: Mwenye Tatizo Ameketi Wapi?

Ukiuzunguka Mlima Kenya kwa barabara, ukaanzia Murang'a, ukapita Kirinyaga, Embu, Chuka na Meru, kisha ukashuka kwa njia ya Nanyuki hadi Karatina na Nyeri, utakuwa umepita karibu na vyuo vikuu vya umma visivyopungua saba. Vyote saba vilipata hati za kujitegemea kati ya 2012 na 2016, ila baadhi yavyo vina mizizi mirefu kuliko hati hizo. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, nje kidogo ya mji wa Nyeri, kilianza 1972 kama taasisi ya ufundi ya harambee. Vijana walikuwa wanamaliza shule, kazi za ofisini hazitoshi, na pa kujifunzia ufundi hapakuwapo, watu wakachanga. Chuo hiki basi kilikuwa jibu la wenye tatizo kabla hakijawa makao ya wenye shahada. Hoja ya sura hii inaanzia hapo. Nashikilia kwamba fikra za usanifu, ile njia ya kufundisha ubunifu inayosifiwa sasa katika vyuo vingi duniani, inaweza kuleta faida kubwa katika vyuo vya ukanda huu, lakini kwa sharti moja: mwenye tatizo awe ndani ya somo, tangu swali linapoundwa mpaka alama zinapotolewa. Akiachwa nje, kinachobaki ni vikaratasi vya rangi vilivyobandikwa ukutani na picha za wanafunzi wakitabasamu.

Njia yenyewe haina siri kubwa. Mwaka 1969 Herbert Simon, mtaalamu wa Kimarekani aliyegusa uchumi, saikolojia na kompyuta, aliandika kwamba usanifu ni kazi ya kila anayepanga namna ya kuitoa hali ilivyo na kuifikisha inapotakiwa kuwa, awe mhandisi, daktari au mwanasheria. Miaka minne baadaye Horst Rittel na Melvin Webber wakaonyesha kwamba matatizo ya jamii hayafanani na hesabu za darasani: hayana mpaka ulio wazi, hayana jibu moja sahihi, na namna unavyolieleza tatizo tayari inaamua suluhisho utakalolifikia. Katikati ya miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Stanford kikafungua shule maalumu ya kufundisha mambo haya, Potsdam nchini Ujerumani ikafuata, kisha Cape Town. Wanafunzi hufundishwa kuwaendea watu na kuwasikiliza, kulitaja tatizo upya kutokana na waliyoyasikia, kuzalisha mawazo mengi bila kuyahukumu mapema, kutengeneza mfano wa haraka na wa bei rahisi, kisha kuujaribu kwa watu wale wale na kuanza tena. Hatua hizi mara nyingi huchorwa kwa mstari ulionyooka. Katika kazi ya kweli mstari huo hujikunja na kurudi nyuma, na huko kurudi nyuma ndiko kwenye mafunzo.

Pingamizi la kwanza ni la kale: kwamba ubunifu ni kipaji, mtu huzaliwa nao au hakujaliwa. Kama hilo lingekuwa kweli, sura hii isingekuwa na kazi. Lakini mwaka 2004 watafiti watatu wa Marekani, Scott, Leritz na Mumford, walikusanya matokeo ya tafiti 70 kuhusu mafunzo ya ubunifu na kuyapima pamoja. Waliona kwamba mafunzo yaliyoandaliwa vizuri huongeza ubunifu, na kwamba yanayofaulu zaidi ni yale yanayofundisha mbinu za kufikiri huku mwanafunzi akifanya mazoezi yanayofanana na kazi halisi ya fani yake. Michezo ya kuchangamsha akili peke yake haifiki mbali. Msomaji aangalie maneno hayo, kazi halisi ya fani yake, maana tutayarudia.

Kuna ushahidi mwingine unaomhusu kila mhadhiri wa uhandisi. Mwaka 1991 David Jansson na Steven Smith walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa uhandisi. Katika jaribio mojawapo, wanafunzi waliombwa kubuni kikombe cha kahawa kisichomwagika, na masharti yakasema wazi: pasiwe na mrija wala mdomo wa kunywea. Kundi moja lilipewa maelezo hayo tu. Kundi la pili lilipewa pia mchoro wa mfano, na mchoro huo ulikuwa na mrija. Waliouona mchoro walichora mirija mara nyingi zaidi, ingawa katazo lilikuwa mbele ya macho yao. Akili iliyokwisha kuonyeshwa jibu hujifunga kwenye jibu hilo, kasoro zake zikiwemo. Sasa fikiria mwanafunzi wa Kenya aliyepita mfumo wa 8-4-4, aliyefundishwa kwa miaka mingi kwamba kila swali lina jibu moja, kwamba jibu hilo liko katika mwongozo wa kusahihishia, na kwamba mwerevu ni yule anayeukaribia mwongozo. Anapofika chuoni hakuja mtupu. Amekuja na mirija mingi kichwani, na kumwambia tu "kuwa mbunifu" hakuiondoi. Kinachoiondoa ni kumkutanisha na tatizo ambalo hakuna aliyemwandalia jibu lake.

Nyeri ina mfano wa kukutana kwa namna hiyo, tena mkubwa, ingawa haujazoeleka kutajwa katika mazungumzo ya usanifu. Wangari Maathai alizaliwa 1940 kijijini Ihithe, Tetu. Miaka ya mwanzo ya 1970 alikuwa mhadhiri wa anatomia ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na utafiti uliompeleka mashambani ulihusu kupe na homa ya ndigana kali inayoua ng'ombe. Alipokuwa akikusanya kupe, aliona mito imegeuka rangi kwa udongo, malisho yamekwisha, ng'ombe wamekonda. Swali alilotumwa nalo lilikuwa la kupe; lililomkabili lilikuwa la ardhi. Wakati huo huo, katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, wanawake wa vijijini walikuwa wakisema wanachokosa: kuni, maji safi, chakula chenye lishe. Kutokana na mambo hayo mawili, alichokiona kwa macho na alichokisikia kwa wenyewe, ndipo likazaliwa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977. Hakufaulu mara ya kwanza. Kabla ya hapo alikuwa ameanzisha mradi wa kitalu na kuajiri watu kupanda miti, na mradi ule ukafa. Ulioishi ni ule uliowaweka wanawake katikati ya kazi.

Tuukaribie zaidi, kwa sababu usanifu hukaa katika vitu vidogo. Wataalamu wa misitu waliamini kwamba kuotesha miti kunahitaji elimu yao. Wanawake wakaanza kuotesha kwa walichokuwa nacho: vyungu vilivyovunjika, vilivyowekwa mahali pa juu ili kuku na mbuzi wasifikie miche. Kisha kuna suala la malipo. Mwanamke alipewa fedha kidogo kwa kila mche, lakini kwa mche ulioishi. Mche uliochimbiwa ardhini kisha ukakauka haukuhesabiwa. Kipengele hicho kimoja kiligeuza mradi mzima. Kama malipo yangefuata idadi ya mashimo, vilima vya Nyeri vingejaa mashimo. Yalipofuata uhai wa mche, kumwagilia na kuzungushia miiba kukawa kazi yenye thamani. Mtu aliyebuni kipengele hicho alikuwa anajua kwamba tatizo halikuwa kupanda. Wanafunzi wa uchumi, wa kilimo na wa uhandisi wangeweza kukaa nacho muhula mzima, wakiuliza ni kipi katika miradi yao kinacholipwa kwa mashimo.

Mfano wa pili unatoka katika kahawa, na unamfaa zaidi anayedhani kwamba elimu ya maabara inatosha. Ugonjwa wa chulebuni ulikuwa umewaelemea wakulima wa kahawa wa nyanda za juu. Dawa za kupulizia ziliweza kula sehemu kubwa ya gharama za shamba. Mwaka 1985 watafiti wa Ruiru walitoa aina mpya, Ruiru 11, inayohimili ugonjwa huo pamoja na kutu ya majani. Mti wake ni mfupi, kwa hiyo shamba hubeba miti mingi zaidi. Kisayansi lilikuwa jambo la kujivunia, na watafiti hawakuisahau ladha. Hata hivyo wakulima wengi waliendelea kuing'ang'ania SL28, aina iliyochaguliwa na Scott Laboratories katika miaka ya 1930, licha ya kuugua kwake. Wanunuzi walikuwa na shaka na ladha ya Ruiru 11, na kwa mkulima shaka ya mnunuzi ni hasara hata kama maabara inasema vingine. Miche nayo ilikuwa adimu, kwa kuwa mbegu zake zilihitaji uchavushaji wa mikono. Wengine walipata njia ya katikati: wakabebesha vikonyo vya Ruiru 11 juu ya visiki vya SL, ili wasing'oe shina lenye mizizi ya miaka mingi na kukaa bila mavuno. Mwaka 2010 ikaja Batian, iliyopewa jina la kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya. Ina kinga, huzaana kwa mbegu za kawaida, na ladha yake inakaribia ile ya SL28. Kati ya 1985 na 2010 ni miaka 25. Sisemi kwamba kusikiliza zaidi kungeifupisha ile miaka yote. Kuzalisha aina mpya ya mti huchukua muda hata kila mtu akisikilizwa. Nasema kwamba swali lililomalizwa maabara, la ugonjwa, lilikuwa sehemu tu ya swali la mkulima, na sehemu nyingine zilijulikana mapema na watu waliokuwa nje ya maabara. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa tuyalete haya darasani. Tuseme wanafunzi wa uhandisi wa mitambo mjini Nyeri wamepewa kazi ya kubuni mashine ya kuchambua buni kwa kamera, itenge mbivu na mbichi. Ni kazi nzuri kwa karatasi, na wengi wataanza kuchora jioni ile ile. Mhadhiri anayefuata njia tunayoizungumzia atawazuia kuchora na kuwapeleka kwenye kiwanda cha chama cha ushirika wakati wa mavuno makuu ya mwisho wa mwaka. Watakachokiona ni hiki: wakulima wameinama juu ya magunia yaliyotandazwa, wanachambua buni kwa mkono, punje za kijani upande huu, zilizokauka upande ule. Kisha foleni ya mizani, karani anaandika kilo, stakabadhi inatolewa. Buni inayovunwa leo inatakiwa kumenywa leo, la sivyo inaanza kuchacha na ubora unashuka. Wakiuliza kwa nini foleni inakuwa ndefu sana jioni, huenda wakajibiwa kwamba vibarua hulipwa kwa debe na huchuma mpaka alasiri, hivyo kila shamba hufikisha mzigo saa ile ile. Wakiuliza mkulima anaudhika na nini, huenda asitaje uchambuzi kabisa. Atataja malipo yanayokuja miezi mingi baada ya mizani, na makato asiyoyaelewa. Huenda pia akasema uchambuzi ndio wakati pekee anaokutana na majirani zake wa chama. Mashine ya kamera bado yaweza kuwa wazo zuri. Lakini mwanafunzi aliyekuja nayo sasa ana maswali matatu asiyokuwa nayo asubuhi, na mawili kati ya hayo si ya mitambo.

Chuo cha Kimathi chenyewe kina shamba la kahawa, na kahawa yake huuzwa kwa jina la chuo. Ni bahati kubwa, ingawa ina mtego ndani yake. Shamba la taasisi lina meneja, mishahara na bajeti. Shamba la nusu ekari huko Othaya au Mathira lina mama anayeamua kama fedha za mwezi huu ziende kwenye mbolea au karo. Mwanafunzi anayejaribu kifaa chake katika shamba la chuo peke yake amekijaribu kwa mtumiaji asiyefanana na wengi.

Hapo pingamizi zito zaidi hujitokeza, na linatoka kwa wahadhiri makini. Wanasema: haya yote ni mazungumzo, daraja halisimami kwa kusikiliza, linasimama kwa hesabu. Wakosoaji wa fikra za usanifu, hata miongoni mwa wasanifu wenyewe, wamelalamika kwamba warsha za siku mbili huzalisha watu wenye kujiamini sana na ujuzi haba. Wana haki. Njia hii ikifundishwa badala ya hesabu, kemia au elimu ya udongo, ni hasara tupu. Lakini angalia kazi ya Profesa Ciira wa Maina na wenzake wa Kimathi, ambao wameweka vipima kina vya gharama nafuu katika mto Muringato na katika bonde la juu la Ewaso Nyiro. Kifaa hicho hupima kimo cha maji na kutuma takwimu kwa mawimbi ya redio yanayokula umeme kidogo. Hapo kuna elektroniki, programu, takwimu na haidrolojia. Mtu asiyezijua hawezi kukitengeneza hata akisikiliza mwaka mzima. Sasa vuka upande wa pili. Ewaso Nyiro ni mto unaogombaniwa. Wa juu humwagilia, wa chini hubaki na mchanga wakati wa kiangazi, na sheria ya maji ya mwaka 2002 iliweka vyama vya watumiaji wa maji ili watu hawa wazungumze. Takwimu ya kimo cha maji inafika kwa nani, kwa lugha gani, na anaamini nini kuhusu aliyeiweka? Fundi bora wa elektroniki hawezi kulijibu hilo akiwa mezani. Ujuzi wa fani hufanya kifaa kiwezekane, na kumjua mtumiaji hufanya kitumike. Vyuo vyetu vimekuwa vikifundisha cha kwanza na kukiacha cha pili kijitafutie njia.

Wengine watasema gharama haziwezekani: madarasa yamefurika, vyuo vina madeni, basi la chuo lina foleni yake. Hili si la kupuuza. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii ni rahisi kwa fedha, maana mfano wa kwanza unatakiwa uwe duni. Katoni, waya, gunia kuukuu na saa mbili kwa fundi wa jua kali mjini Karatina hutosha kuonyesha kama wazo lina uhai. Kinachogharimu ni kujenga kitu kamili kisha kugundua hakitakiwi. Huduma ya M-Pesa ilipojaribiwa mwaka 2005 Nairobi na Thika, kwa wateja mia kadhaa tu wa taasisi ya mikopo, ilikusudiwa kurahisisha ulipaji wa mikopo. Wateja wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Waliokuwa wakilisimamia jaribio waliliona hilo, wakabadili mkondo, na 2007 huduma ikazinduliwa kwa kazi ya kutuma fedha. Jaribio dogo lilikuwa limewafundisha kabla fedha nyingi hazijamwagwa.

Shida ninayoiona kubwa kuliko fedha ni alama. Mwanafunzi hufuata kinachosahihishwa, na hana kosa katika hilo. Tukimtuma kiwandani kisha tukampima kwa mtihani wa saa mbili na michoro isiyo na kasoro, atajifunza kwamba safari ya kiwandani ilikuwa matembezi. Wapo watakaosema programu za uhandisi zina wasimamizi wake, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na Bodi ya Wahandisi, na kubadili mtaala ni safari ndefu. Ni kweli, lakini mradi wa mwaka wa mwisho tayari umo katika kila programu ya uhandisi, na ndani ya mradi huo idara ina nafasi ya kutosha. Sehemu ya alama iende kwenye daftari la tatizo: lilianza likiwa swali gani, likageuka kuwa lipi, kwa ushahidi gani. Sehemu nyingine iende kwa mifano iliyotupwa, na sababu za kuitupa zikiandikwa wazi, ili mwanafunzi asiadhibiwe kwa kugundua kwamba alikosea mwezi wa pili badala ya mwezi wa nane. Na siku ya kutetea mradi, mezani awepo mkulima, muuguzi au mchuuzi aliyehusika. Hatapima uimara wa chuma, hiyo ni kazi ya wahandisi. Ataulizwa kama angekitumia, na kama hapana, kwa nini. Jibu lake liwe na uzito katika alama.

Limebaki pingamizi ambalo halitoki chuoni, na kwangu ndilo linalouma zaidi. Wakulima wa ukanda huu wamechoka kuulizwa. Huja mtafiti na hojaji, huja shirika na tableti, huja mwanafunzi na daftari; wote hujaza, hushukuru, huondoka. Kuwatuma mamia zaidi ya vijana kwenda "kusikiliza" kwaweza kuwa mzigo mpya juu ya watu walewale, tena kwa manufaa ya shahada ya mwingine. Dawa yake ni uhusiano wa muda mrefu. Idara ichague viwanda vichache au masoko machache, ikae navyo kwa miaka mitano, sita, kila darasa likipokea daftari la darasa lililotangulia badala ya kuanza kuuliza majina upya. Kila mwaka matokeo yarudishwe kwenye mkutano mkuu wa chama, kwa Kiswahili au Kikuyu, pamoja na yale yaliyoshindikana. Muda wa mkulima ulipwe, hata kidogo. Na kukiwa na kifaa kinachofaa, iandikwe mapema nani atakimiliki na nani atakitengeneza kikiharibika.

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi, ulioanza nchi nzima 2019, watafika vyuoni 2029. Wamelelewa katika mtaala unaotaja ubunifu kuwa mmoja wa umilisi saba wa msingi, na wamezoea kazi za mikono na miradi, pamoja na udhaifu wote wa utekelezaji ambao wazazi wanaujua. Muda uliobaki ni mfupi, lakini unatosha idara moja ya Nyeri, Kirinyaga au Meru kuchagua kiwanda chake, kuwaomba wakulima ridhaa, na kupitisha kundi la kwanza la miradi ya mwaka wa mwisho mbele ya meza yenye mwenye tatizo.